Tura Maana Yake Tua: Historia ya Pumzi na Mwendo kutoka Tabora hadi Visiwani



Kila msimu wa harusi unapokaribia, mabiharusi wetu huulizana swali hili: "Hivi mimi Muislamu naruhusiwa kufanya yoga?" Wanakusudia ile wanayoiona kwenye simu na kwenye hoteli za Paje na Jambiani. Mtu ananyanyua mikono huku anavuta pumzi, anainama huku anaitoa, na mwili unatoka umbo moja kwenda jingine bila kukatika, kama maji ya mfereji. Shangazi mmoja atakwambia ni ibada ya watu wengine, usiisogelee. Shoga yako atakwambia ni mazoezi tu, nenda ukapunguze tumbo kabla ya siku yako. Wanabishana, lakini wote wawili wanakubaliana bila kujua katika jambo moja: kwamba kuunganisha pumzi na mwendo ni kitu cha wageni, na sisi hatukuwa nacho hata siku moja.

Hapo ndipo ninapotaka tukae leo, kwa sababu historia yetu haisemi hivyo. Na ili tuione vizuri itabidi tuvuke bahari twende bara, tena bara ya mbali, mpaka Tabora.

Njia iliyopita Igalula

Ukipanda treni ya reli ya kati kwenda Tabora, muda mfupi kabla ya kufika mjini utapita kituo kidogo kinachoitwa Igalula, katika wilaya ya Uyui. Watu wengi hawashuki hapo. Lakini eneo hili, pamoja na vijiji vya Tura na Kigwa vilivyo upande huohuo, lilikuwa mlango wa Unyamwezi katika karne ya 19. Misafara iliyotoka Bagamoyo ilipita Ugogo, ikaingia katika pori kavu lililoitwa Mgunda Mkali, na ilipotoka huko ndipo ikafika Tura. Kutoka Tura ilikwenda Rubuga, kisha Kigwa, kisha Kaze, ambao ndio mji tunaouita Tabora.

Richard Burton na John Speke walipita njia hiyo mwaka 1857. Waliondoka pwani mwezi Juni na kufika Kaze mwezi Novemba. Henry Morton Stanley alitoka Bagamoyo Machi 1871 akafika Unyanyembe Juni mwaka huo, siku 84, na hiyo ilihesabiwa kuwa safari ya haraka. Tunasoma majina ya hawa wazungu kwa sababu wao waliandika vitabu. Lakini njia haikuwa yao. Waliowabebea mizigo na kuwaonyesha maji walikuwa Wanyamwezi na Waswahili waliokwisha kuipita kabla yao, wengine mara nyingi.

Sasa sikiliza jambo hili zuri. Burton anasema kwamba jina Tura lina maana ya "tua", yaani weka mzigo chini. Fikiria mtu aliyetoka Mgunda Mkali, midomo imekauka, bega limevimba, halafu anafika mahali ambapo jina lake lenyewe linamwambia: tua. Jina zima la kijiji limetoka katika pumzi ya mtu anayeshusha mzigo.

Mzigo, wimbo na hatua

Mzigo wa mpagazi mmoja ulikuwa kiasi cha frasila mbili, yaani kilo thelathini na ushei. Juu ya huo alikuwa na mkeka wake, chungu chake na posho yake. Wanyamwezi walibeba begani. Watu wa pwani walipendelea kichwani. Pembe kubwa ya ndovu iliweza kufungwa kwenye mti, ikabebwa na watu wawili, mmoja mbele na mmoja nyuma, na hao ilibidi hatua zao ziwe moja, la sivyo mti unawatafuna mabega.

Msafara uliamka kabla ya jua. Baragumu lililia, ngoma ikajibu, kirangozi akatangulia mbele na bendera, na watu wakajipanga nyuma yake mmoja mmoja katika njia nyembamba. Na waliimba. Mmoja alitoa, wengine wakapokea. Wasafiri wengi walioandika habari za njia hiyo walizitaja nyimbo hizo, wengine kwa kuzipenda na wengine kwa kulalamika makelele.

Hayakuwa makelele. Jaribu mwenyewe nyumbani: beba ndoo ya maji ukiwa umenyamaza, kisha ibebe ukiwa unaimba wimbo wa polepole. Ukiimba, unalazimika kutoa pumzi ndefu na kuvuta fupi. Kifua hakipati nafasi ya kuhema ovyo. Hatua inaifuata sauti, na sauti inaifuata pumzi. Wataalamu wa mwili wa leo wanajua kwamba mtu anapotembea au kukimbia kwa mdundo, pumzi yake nayo huelekea kufuata miguu. Wapagazi hawakuhitaji kuambiwa hivyo. Mtu ambaye pumzi yake haikupatana na mguu wake hakufika Tura pamoja na wenzake.

Na walikuwapo wanawake. Hili tunapenda kulisahau. Mwanahistoria Stephen Rockel ameandika kwa kirefu kuhusu wanawake wa misafara: wake waliofuatana na waume zao, wanawake waliobeba vyombo na vyakula, waliopika kambini, waliofanya biashara ndogondogo njiani, na wengine waliobeba mzigo kamili kama wanaume. Hawakuwa abiria. Mchana walitembea na msafara, na wenzao walipotua wao ndipo kazi ya pili ilipoanza, kutafuta kuni na maji, kutwanga na kupika.

Kinu hakidanganyi

Tukitaka kuona elimu ya pumzi ya wanawake, tuangalie kinu. Bibi zetu wote waliijua kazi hii, wa Unguja na Pemba kama wa Tabora. Wanawake wawili au watatu husimama kwenye kinu kimoja na kila mmoja ana mchi wake. Mmoja ananyanyua, mwenzake anashusha. Ukinyanyua unavuta pumzi, ukishusha unaitoa, na mara nyingi inatoka na sauti, "hii!" au "hss!". Ukichelewa nusu pumzi, michi inagongana. Kwa hiyo wanaimba, ili pumzi za watu watatu ziwe pumzi moja.

Nani aliwafundisha? Hakuna aliyekaa mbele ya darasa. Mtoto wa kike alipewa mchi mdogo, akasimama pembeni, akaambiwa: "Sikiliza." Kabla mikono haijajua, masikio yalikuwa yamekwisha kujua. Hivyo ndivyo elimu nyingi za wanawake zilivyopita, na ndiyo sababu hazimo vitabuni.

Unyago nao umo humuhumu. Ngoma za unyago tulizonazo Unguja zimebeba asili ya bara, kwa sababu wanawake wengi wa bara waliletwa au walikuja visiwani na wakaja na elimu yao. Marehemu Bi Kidude, Fatuma binti Baraka, aliyefariki Aprili 2013, alijulikana dunia nzima kwa sauti, lakini wenyeji walimjua pia kwa unyago na ngoma ya msondo. Mwali hafundishwi kiuno peke yake. Anafundishwa asikaze mabega, asibane pumzi, asiwe na haraka. Somo anayejua kazi yake atamwambia bi harusi: "Mwanangu, hema kwanza." Ndani ya maneno hayo mna hekima ya miaka mingi.

Pumzi isiyo ya hiari

Lakini nisiipambe njia hii kuliko ilivyokuwa. Njia iliyopita Tura na Kigwa ilipitisha pembe za ndovu na ilipitisha watu. Mpagazi wa Kinyamwezi alikuwa mtu huru anayelipwa ujira. Nyuma yake, katika misafara mingine, walikuwapo wanaume kwa wanawake waliofungwa shingo, nao pia walilazimika kupatanisha hatua, kwa sababu aliyejikwaa aliwavuta wenzake. Hiyo pia ni pumzi na mwendo, na hakuna uzuri ndani yake.

Soko la watumwa la Unguja lilifungwa mwaka 1873, kwa mkataba ambao Sayyid Barghash aliusaini chini ya shinikizo la Waingereza. Utumwa wenyewe ulifutwa kisheria Zanzibar mwaka 1897, na Tanganyika mwaka 1922. Kati ya miaka hiyo walikuwapo maelfu ya watu waliotolewa kwao, wasio na ukoo wa kujitaja mjini, wanaoitwa kwa jina la bwana wao. Wengi wao walikuwa Waislamu, au walikuwa wanasilimu. Swali lao lilikuwa zito: katika umma huu, mimi nasimama wapi?

Safu moja, pumzi moja

Jibu moja lilitoka Barawa. Sheikh Uways bin Muhammad al-Barawi, aliyezaliwa mwaka 1847, alikuja Unguja katika miaka ya 1880, zama za Sayyid Barghash, na akaitangaza tarika ya Qadiriyya. Aliuawa kwao mwaka 1909, lakini kwa wakati huo tarika ilikwisha kusambaa. Ilipita njia ileile ya misafara: Bagamoyo, Tabora, Ujiji, hadi Kongo ya mashariki. Njia iliyopitisha minyororo ikapitisha uradi.

Zikri ya Qadiriyya ya pwani ni pumzi na mwendo kwa uwazi kabisa. Watu husimama katika safu au duara, bega kwa bega. Kalima inaanza polepole, kwa sauti kamili. Mwili unainama na kuinuka pamoja nayo. Kisha kasi inaongezeka, maneno yanafupika, mpaka linabaki Jina tukufu likitoka kifuani pamoja na pumzi, sauti nzito ambayo mgeni akiisikia kwa mbali hudhani watu wanakohoa. Hakuna anayeweza kuhema peke yake ndani ya safu ile. Ukijaribu unachoka mara moja. Ukijiachia kwa wenzako unabebwa.

Sasa fikiria maana yake kwa mtu aliyekuwa mtumwa. Amesimama bega kwa bega na mtu wa ukoo mkubwa, na pumzi yao ni moja. Hatukisii tu hapa. Bagamoyo, kiongozi mkubwa wa Qadiriyya alikuwa Sheikh Yahya bin Abdallah, maarufu Sheikh Ramiya, ambaye aliletwa pwani kutoka upande wa Kongo akiwa mtumwa. Alisoma, akawa sheikh, na watu wenye nasaba zao wakaja kumbusu mkono. Alifariki mwaka 1931.

Wanawake je? Nao waliingia katika tarika, wakachukua nyiradi, wakawa na vikao vyao. Bibi Mtumwa binti Ali bin Yusuf, mzaliwa wa Zanzibar, aliipeleka Qadiriyya hadi Nkhotakota, kwenye ziwa Nyasa, na wanawake wengi wakamfuata. Mwangalie jina lake, kisha uangalie kazi yake. Na Barawa kulikuwa na Dada Masiti, aliyefariki mwaka 1919, mshairi wa dini ambaye tungo zake za Chimwini zimeendelea kuhifadhiwa na wanawake wa mji ule.

Ni haki kusema pia kwamba si wanazuoni wote walioiridhia zikri ya namna hii. Wapo waliosema kutikisika na kulifupisha Jina ni uzushi, na mjadala huo umeendelea katika misikiti yetu mpaka leo. Kila mmoja wetu ana shekhe wake na darsa lake. Ninachosimulia hapa ni historia: kwamba Waislamu wa nchi hizi, wakiwamo wa Tabora, walibishana kwa uzito kuhusu pumzi, mwili na ibada miaka mingi kabla ya mkeka wa kwanza wa yoga kutandikwa pwani ya Paje.

Na kabla ya yote hayo kuna swala. Fiqhi ya Kishafi inataka tumanina katika rukuu, itidali, sijda na kikao baina ya sijda mbili, yaani viungo vitulie kwanza ndipo uende kwenye nguzo inayofuata. Swala si mazoezi na wala haipaswi kuitwa hivyo. Lakini mwanamke anayeswali kwa tumanina anajua tayari jambo moja ambalo walimu wa mazoezi huwafundisha watu kwa ada kubwa: kutohama kabla hujafika.

Na yoga yenyewe, historia yake ni ipi?

Ile yoga ya kutiririka, inayoitwa vinyasa, si kongwe kama inavyotangazwa. Mizizi ya yoga ni ya kale sana India, na imo ndani ya dini za huko. Lakini mfululizo huu wa kuunganisha kila pumzi na mjongeo mmoja ulipata sura yake ya sasa katika miaka ya 1930 kwenye kasri la Mysore, ambako mwalimu Tirumalai Krishnamacharya alifundisha vijana. Mwanafunzi wake Pattabhi Jois, aliyefariki mwaka 2009, aliusambaza hadi Marekani na Ulaya. Kutoka huko ndiko ulikokuja hotelini kwetu.

Waislamu hawakuwa wageni wa elimu hiyo. Al-Biruni, mwanachuoni mkubwa wa karne ya 11, alitafsiri kwa Kiarabu kitabu cha yoga cha Patanjali, ili Waislamu waielewe India kwa maandishi yake yenyewe. Katika karne ya 16, Sheikh Muhammad Ghawth wa Gwalior, sufi wa tarika ya Shattariyya, aliandika kwa Kiajemi kitabu kinachoeleza mazoezi ya pumzi ya mayogi. Kwa hiyo swali lako, bi harusi, waliwahi kuliuliza wakubwa.

Na wa zama zetu wamelijibu. Mwaka 2008 baraza la fatwa la taifa la Malaysia liliwakataza Waislamu yoga inayochanganya mazoezi, nyimbo za ibada na itikadi za dini nyingine. Mwaka 2009 baraza la maulamaa la Indonesia lilitofautisha: yenye maneno ya ibada ya Kihindu ni haramu, na iliyo mazoezi matupu ya mwili inafaa. Kwa mabaraza yote mawili tatizo halikuwa pumzi wala kunyoosha mgongo. Tatizo lilikuwa moyo unaelekezwa wapi na ulimi unatamka nini.

Basi bi harusi afanye nini?

Kwanza, muulize shekhe au ustadhati unayemwamini, na umweleze kwa usahihi unachotaka kufanya. Usimwambie "yoga" ukanyamaza. Mwambie kama kuna maneno yanayotamkwa, kama ni mchanganyiko wa wanaume na wanawake, na mavazi ni yapi. Jibu linategemea hayo.

Pili, jua kwamba huna haja ya kuazima kila kitu. Ukitaka kutuliza moyo katika zile siku za ndani, umesingwa, umefukizwa udi, na hofu imekukaa kifuani, simama wima miguu ikiwa imeachana kidogo. Nyanyua mikono polepole huku unavuta pumzi kwa pua. Ishushe polepole zaidi huku unaitoa. Kutoa kuwe kurefu kuliko kuvuta, kama wapagazi walivyotoa kwa wimbo. Mara kumi zinatosha. Mwenye pumu, mwenye mimba au mwenye maradhi ya moyo aulize daktari wake kwanza.

Tatu, na hili ndilo ninalolitilia mkazo zaidi, waulize wazee. Reli ilipofika Tabora mwaka 1912, kazi ya upagazi wa masafa marefu ilianza kufa, na nyimbo zake nyingi zikafa pamoja nayo. Mashine za kusaga zilipoingia mitaani, nyimbo za kinu nazo zikaanza kunyamaza. Za wanaume angalau wasafiri waliziandika vipande vipande. Za bibi zetu nyingi hazikuandikwa. Zimebaki katika vifua vya wanawake wenye miaka themanini na tisini, na vifua hivyo vinapungua kila mwaka.

Zipo familia nyingi hapa visiwani zenye asili ya Unyamwezi. Wengine mababu zao walikuja kuchuma karafuu, wengine walikuja na misafara, wengine waliletwa bila kutaka. Kama bibi yako ni miongoni mwao, kabla ya harusi yako kaa naye alasiri moja. Usimuulize historia, maana atakwambia hana historia. Muombe akuonyeshe walivyokuwa wakitwanga. Mpe hata fimbo ya ufagio ashike kama mchi, kisha simama mbele yake ushike wako. Atanyanyua, atavuta pumzi, na wimbo utakuja wenyewe. Wewe pokea.